Santuri Iliyomzika Kaka Yangu

Santuri yetu ya kwanza ilikataliwa na watu, na nitasema ukweli, walikuwa na haki. Sauti yangu ilipanda juu mno, kama mbuzi aliyebanwa na lango, na gitaa la kaka yangu lilisikika kwa mbali utadhani analipiga chumba cha jirani. Tuliirekodi Kisumu, kwenye stoo ya Mhindi mmoja aliyeuza baiskeli mbele na kurekodi nyimbo nyuma, katikati ya magunia yaliyotundikwa ukutani kuzuia mwangwi. Upande mmoja ulikuwa wimbo wa kumsifu bibi harusi wa Rangwe. Upande wa pili ulikuwa wa kumsema mume niliyemwacha. Bibi harusi hakuupenda wimbo wake. Mume niliyemwacha aliupenda sana wake, akanunua santuri mbili, maana yule mtu alikuwa radhi kutukanwa mradi ajulikane.

Mwenye duka alitaka kuzinunua nyimbo zenyewe, ziwe zake, nami nishike njia. Nikamwambia wimbo wangu haukai nyumbani kwa mtu mwingine, mimi mwenyewe nimetoka huko juzi. Alicheka, akasema basi nizilipie na nizibebe mwenyewe. Nilizibeba. Tangu siku hiyo sijawahi kumwimbia mtu anayenimiliki, na njaa iliyotokana na maneno hayo nimeila mwenyewe pia, sikumkopesha mtu.

Wakati ule nilikuwa nimerudi kwa baba, juu kidogo ya ziwa, upande wa Homa Bay. Binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa kwetu hana mahali pa kuweka hata kiti. Ndugu wa kiume wana nyumba zao ndani ya boma, mama ana jiko lake, yeye yupo yupo tu. Kaka yangu ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, na alikuwa na gitaa alilolipata alipofanya kazi kwenye mgodi wa shaba upande wa Migori. Alilipiga kwa vidole, nyuzi za juu zikikimbizana na za chini, namna wazee wetu wanavyopiga nyatiti, kinubi chetu cha nyuzi nane. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole kimoja kilichovunjwa na jiwe la mgodini, na kwa sababu hiyo kila alipofika mwisho wa mstari aliruka uzi mmoja. Wengine waliona ni kosa. Mimi niliona ndiyo sahihi yake.

Baba alikuwa Msabato wa kweli kweli. Alisema gitaa lisivuke kizingiti chake, na halikuvuka. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwimbia wimbo mpya atakuuliza kama umekula.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Jumapili tulipiga kwenye kumbi za pombe na kwenye harusi, yeye gitaa, mimi sauti, na yeyote aliyepatikana akakwaruza chupa ya soda kwa msumari. Katikati ya wimbo mtu yeyote mwenye shilingi husimama na kuunyamazisha muziki ili ajisifu mwenyewe, ajisifie ng'ombe wake, mkwe wake na kijiji chake, halafu wimbo unaendelea kutoka pale pale ulipokatika. Kujisifu huko tunakuita pakruok, na msanii asiyejua kusimama na kuanza tena kwa mkato mmoja atalala njaa. Siku za katikati ya wiki nilizitia santuri kwenye kikapu cha samaki nikazungusha masoko. Zilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Watu walisema heri zingekuwa omena.

Kisha zikaja zile mvua, na ziwa likapanda. Waliokuwa na mashamba ufukweni waliyaona yakizama, mtama ukasimama ndani ya maji hadi shingoni. Hakukuwa na harusi wala dansi. Kaka akasikia kwamba wavuvi wa Remba, kisiwani, wana pesa na hawana muziki. Akapanda boti akaenda na gitaa lake. Mimi nilikuwa na homa, sikwenda.

Boti iliyopaswa kumrudisha ilipinduka. Ziwa lilitupa miili ya watu ufukweni mmoja baada ya mwingine, na kila ulipopatikana baba alikwenda kuutazama, akarudi. Wa kaka haukupatikana. Tulingoja mpaka mvua zikaisha, mpaka mtama mpya ukapandwa. Mkewe akaanza kuota ndoto mbaya, mtoto mdogo akaugua, na baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye aliyeshika mambo ya ukoo, akasema mtu hawezi kuachwa anazunguka nje bila nyumba. Lazima azikwe.

Kwetu, mtu aliyepotea bila mwili huzikiwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kwa mkia wake. Lilichumwa, likaoshwa, likavishwa shati la kaka, likalazwa kwenye jeneza. Baba alisema Mkristo hazikii matunda. Alivaa koti lake akaenda kukaa kanisani siku nzima, kanisa tupu, siku isiyo Sabato. Wengine sote tulikuwa pale kaburini mbele ya nyumba yake. Msicheke. Mtu akilitazama jeneza likishuka, ndani kuna tunda au kuna nani, hulia vile vile.

Nilimwimbia. Sikuwa nimetunga kitu, maneno yalikuja yenyewe. Nilimtaja kwa jina, nikamtaja baba yake na lango la boma letu, nikalisema ziwa kwa kula mwana wa watu bila kurudisha hata kiatu. Mwisho nikasema wanayoambiwa wafu wote ili wasije kusumbua walio hai: lala, mwana wa mama, usigeuke. Wanawake waliangua kilio hadi milima ya upande wa pili ikajibu. Nilijua papo hapo, na machozi yako usoni, kwamba huo ni wimbo. Ndivyo tulivyoumbwa watu wa kazi hii. Anayetaka kunihukumu kwa hilo na aanze.

Mwaka huo huo binamu yetu akamrithi mke wa kaka, kama ilivyo desturi. Mimi nikarudi Kisumu kwenye stoo ya baiskeli. Sikutaka gitaa lolote. Nilikwenda na mzee mmoja wa orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja, na tukaumaliza wimbo kwa mara moja tu kwa sababu mara ya pili nisingeweza.

Hiyo ndiyo santuri iliyonitengeneza. Ilipigwa Homa Bay kwenye maduka ya gatini, ikapigwa Rangwe, ikapigwa kwenye hoteli za chai njia nzima hadi Migori na ng'ambo ya mpaka. Wenye ng'ombe wengi walitaka wakifa waombolezewe na mimi. Nilialikwa kwenye matanga ya machifu. Walimu waliuandika ubaoni, vijana waliutumia kulilia wachumba. Kikapu changu kilitoka kimejaa na kurudi kitupu. Na hakukosekana wa kusema kufa kufaana, wakisema kwa sauti ya chini iliyonifikia vizuri. Nilinunua mabati, nikamwezekea mama jiko. Mke wa kaka, ambaye sasa alikuwa mke wa binamu, alikuwa akiingia ndani na kufunga mlango kila santuri ilipopigwa bomani, na watoto wake wakicheza nje waliuimba wimbo wa baba yao bila kujua maana yake. Nilifurahi na niliona aibu, na kuna siku sikujua kipi ni kipi.

Siku moja nilikuwa Awendo sokoni. Nilikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, naiweka juu ya kigoda, napiga upande mmoja, wateja wanakuja. Mama muuza uji aliyekuwa kando yangu akanigusa bega.

"Hiyo usipige sana hapa," akasema. "Kuna mwanaume huko kwa sukari guru, hiyo wimbo inamsumbua. Juzi alivunja ya hoteli. Alitoa tu kwa mashine akavunja na goti."

"Alivunja santuri yangu?"

"Na akalipa, hata hakugombana. Lakini alivunja."

Nilipandwa na hasira ambazo hata leo naziheshimu. Nilimwachia kikapu na gramafoni nikashika njia ya mashambani. Siku hizo Awendo hakukuwa na kiwanda kikubwa, kulikuwa na vibanda vya kukamulia miwa, ng'ombe wawili wakizunguka mashine, na karai kubwa la maji ya miwa likichemka juu ya moto hadi yagande kuwa sukari guru. Kwenye karai alisimama mwanaume mwembamba akikoroga kwa mwiko mrefu, mgongo wake kwangu. Nilianza kupiga kelele kabla sijamfikia, kwa Kiswahili, maana sikujua ni kabila gani.

"Wewe ndio unavunja vitu vya watu? Hiyo wimbo ilikukosea nini?"

Aligeuka. Ndevu zilikuwa zimemfunika, na macho yalikuwa yameingia ndani.

"Ilinizika," akasema, kwa lugha yetu.

Nilikaa chini juu ya makapi ya miwa. Nakumbuka nilijiuliza kama ameshikilia mwiko au mwiko ndio uliomshikilia. Mwenye kibanda alituona, akafikiri ni mambo ya mume na mke, akaondoka zake.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na ilikuwa ya kijinga, na ndiyo maana ilinichoma. Hakupanda ile boti. Wavuvi wa Musoma walimsikia akipiga Remba, wakamwambia kuna harusi kwao, akaingia kwenye mashua yao bila kuaga mtu. Harusini wakagombana kwa ajili ya gitaa, akampiga mtu nalo kichwani, gitaa likapasuka na kichwa pia, akafungwa jela. Hakuandika barua nyumbani. Angemwandikia nini baba, mzee wa kanisa, kutoka jela? Alipotoka alishika njia ya kurudi, na akiwa Tarime, kwenye hoteli ya chai karibu na mpaka, alisikia jina lake likitajwa na gramafoni. Jina lake, na jina la baba, na lango la boma. Na sauti yangu ikimwambia alale asigeuke.

"Nilimwuliza mwenye hoteli huyu ni nani aliyekufa," akasema. "Akaniambia, ni kijana mmoja wa Homa Bay, maskini, alizikiwa yago. Nikamaliza chai yangu. Nikamwambia ni pole sana."

Akavuka mpaka, akafika Migori, akaona njia ya nyumbani iko pale na hawezi kuikanyaga. Mtu ambaye yago lake liko ardhini ni maiti. Akiingia kwa lango la baba yake anaingia na kifo mkononi. Sisi sote tulilelewa na maneno hayo, pamoja na Biblia, na mtu akikuambia moja lilifuta jingine anakudanganya.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Twende sasa hivi. Baba haamini mambo hayo."

"Baba atanichukua, najua. Na mtoto wa mtu akihara tu, watasema ni mimi." Akakoroga kidogo, maana sukari haimngoji mtu. "Mke wangu je?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba ana mimba ya binamu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na kuona ni halali.

"Nenda kwa baba mkubwa," akasema mwishowe. "Usimwambie ni mimi. Mwulize kama kuna njia."

Nilikwenda. Baba mkubwa alikuwa akisuka kamba ya kufungia ng'ombe. Nilimwambia mtu wa Karungu, ambaye simjui vizuri, amenitaka nimuulizie. Alinitazama kwa muda, akaendelea kusuka.

"Njia ipo," akasema. "Mtu huyo hapiti langoni. Anabomolewa ua kwa nyuma, anaingilia huko. Kondoo anachinjwa. Yago linafukuliwa na kutupwa. Anapewa jina jingine kama mtoto mchanga."

Nikamsogelea. "Basi yanakwisha?"

"Yanakwisha kwake." Akavuta uzi kwa meno. "Shimo limebaki wazi, mwanangu. Kaburi lililofunguliwa halifungwi bure. Litaomba wa kuliziba, na haliombi mzee. Huyo mtu wa Karungu ana watoto?"

"Wawili."

"Basi mwambie afikirie vizuri."

Mtu anayesoma haya leo, na umeme wake na hospitali yake, atasema ningepuuza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba, nilijua homa inaletwa na mbu. Lakini nilipotoka kwa baba mkubwa niliwaona wale watoto wawili wakikimbizana uani, mdogo akiwa na kikohozi kilichokuwa kimemganda tangu mvua, nikajua siwezi kuwa mimi wa kulifungua lile kaburi. Niliichukia desturi, nikamchukia baba mkubwa, na nikaitii.

Nilimpelekea kaka maneno yale kama nilivyoyapokea. Alikuwa akinawa mikono. Alinawa muda mrefu.

"Sitaki mtoto wangu anilipie nauli," akasema. Hakuzungumzia jambo hilo tena.

Nikamhamishia Migori, akapanga chumba nyuma ya bucha. Mwenye bucha alimjua kwa jina jingine, jina la mtu wa Uyoma asiyekuwapo. Nilimnunulia gitaa. Sikuwa na la kumpa zaidi ya kazi, na kazi ndiyo tuliyokuwa nayo tangu zamani. Mchana wa siku za kazi, bucha ikiwa na kelele za mashoka, tulitunga. Nyimbo za santuri yangu ya tatu zilitoka katika chumba kile, na watu wanaojua muziki wanasema ndiyo bora kuliko zote. Wanasema hapo ndipo nilipojipata. Sikujipata. Nilimpata yeye, na sikuweza kusema.

Tulikwenda Kisumu, naye amevaa kofia hadi machoni. Mhindi alipotaka majina ya wapigaji kwa ajili ya karatasi ya katikati ya santuri, kaka alisema, "Weka ya mama huyu peke yake." Akapiga siku ile kama mtu anayekimbilia kitu. Kila mwisho wa mstari akaruka ule uzi mmoja.

Santuri ilipotoka nilimpelekea mama moja. Aliketi kuisikiliza kando ya gramafoni, miguu imenyooka, mikono mapajani. Ilipokwisha akaniambia niirudie. Ilipokwisha tena akaniuliza kama huyo mpigaji wangu mpya hupata chakula kizuri huko anakokaa. Nikasema hupata. Kuanzia wiki ile, kila nilipokuwa naondoka kwenda Migori, mama alinifungia kuon, ugali wetu, na samaki wa kukaushwa, kwenye jani la ndizi. Nilidhani ni wangu. Nilivigawana na kaka, naye alikula hadi kichwa.

Tulijaribu kupiga hadharani mara moja tu. Ilikuwa Jumapili alasiri, ukumbi wa pombe pale Migori, naye nilimweka nyuma ya pazia nikasema mpigaji wangu ana aibu. Watu walicheza hadi vumbi likapanda. Mvuvi mmoja mlevi akasimama, akarusha shilingi, akaunyamazisha muziki. Tulifikiri atajisifu.

"Mimi nimetoka Remba," akasema. "Mimi nilicheza hiyo gitaa Remba. Huo mkono mimi najua. Huo mkono ni ya marehemu!"

Mwanamke mmoja alishika mtoto wake mgongoni. Nilimsikia kaka nyuma ya pazia akishusha gitaa taratibu, lisigonge kitu.

"Marehemu hafanyi kazi Jumapili, mzee wangu," nikasema. "Huyu nimemfundisha mimi, na nilifundishwa na marehemu. Kaa chini, kunywa."

Wakacheka. Yawa, walicheka kwa nguvu, kwa kufurahi kwamba hakuna kitu. Lakini waliokuwa karibu na pazia walisogea. Siku ile kaka alinirudishia gitaa, akasema amechoka kuogopwa.

Kikohozi kilikuwa kimeanza tangu moshi wa karai kule Awendo. Sasa kilileta damu. Zahanati walimpa sindano, wakaniambia alitakiwa aje mapema. Alikuwa amekuwa mwepesi, ningeweza kumbeba. Nilimwambia nitakwenda kumwita baba, liwe liwalo. Alinishika mkono kwa vidole vile vigumu.

"Ukimleta hapa atataka kunibeba nyumbani," akasema. "Na pale mahali pangu pana mtu."

Nilimwuliza kama anataka nimwimbie. Nilikuwa mjinga wa kuuliza, lakini nilikuwa sina kingine.

"Ulishaimba," akasema. "Ilikuwa nzuri."

Alikufa asubuhi, siku ya soko, mbuzi wakilia nje. Nilimwosha mimi mwenyewe pamoja na mama muuza uji wa Awendo, ambaye nilikuwa nimemtumia habari kwa sababu yeye peke yake alimjua kidogo. Alizikwa kwenye makaburi ya serikali, mahali pa wasafiri na wasio na watu. Mluo kuzikwa mjini ni kama kutupwa. Karani alikuwa na haraka.

"Wewe ni nani yake?"

"Nilifanya kazi na yeye."

"Hakuna ndugu?"

"Hakuna."

Wafanyakazi walipiga sepetu. Mimi ambaye niliwalilia wazazi wa machifu, ambaye watu walinitumia gari niende kuliza vijiji vyao, nilisimama pale mdomo umefungwa. Hakuna anayelilia mtu mara mbili. Nikianza kuimba wangeuliza ni nani huyu anayeimbiwa na mimi. Nilimeza wimbo wote, neno kwa neno, na sijawahi kujua ulikokwenda. Ilipokwisha niliingia kwa kinyozi nikamwambia anyoe zote. Kwetu aliyefiwa na mtu wa damu hunyolewa kichwa, na hilo angalau sikuwa tayari kulikosa. Nikafunga kitambaa, nikapanda basi la Homa Bay.

Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akichambua wimbi kwenye ungo. Nilimsalimu. Aliitikia. Alinitazama usoni, kisha juu ya uso.

"Vua kitambaa," akasema.

Nikavua. Ungo uliendelea kwenda mbele na nyuma, kisha ukasimama.

"Alikuwa wapi?"

"Migori, mama."

"Migori," akasema. "Karibu hivyo."

Aliuweka ungo chini. Siku ile ya yago wanawake wote wa boma tulinyolewa, isipokuwa yeye. Alimkatalia mwenye wembe, akasema kichwa kinamuuma, na watu wakasema ni ukaidi wa uchungu. Sasa aliingia ndani akatoka na wembe wa baba na kopo la maji, akaketi chini mbele yangu, akanipa kisogo.

"Mama, watu watauliza."

"Nyoa."

Sikuwa nimewahi kumwona bila kilemba. Nywele zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe zote. Nilimnyoa polepole, naye hakulia kwa sauti, ila maji yalikuwa yakidondoka kwenye mapaja yake na hayakuwa ya kopo. Nilipomaliza alizizoa nywele kwa kiganja, akazitia motoni, akaniuliza kama alikula samaki wa mara ya mwisho. Nikamwambia alikula.

Kesho yake kisimani walimwuliza. Alisema ni chawa.